Chuo cha Kwanza ni Nyumbani

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya wanachama wanaofanya kazi za ubunifu na mawasiliano, katika hafla ya Jumuiya ya kuadhimisha miaka 60 ya Uhuru, Desemba 2021



Tunaishukuru kamati kwa kutupa nafasi hii. Miaka iliyopita jukwaa hili limepokea madaktari, wanasheria, wahasibu na wafanyabiashara, nasi tulikuwa kule nyuma tukishika kamera na kutafuta waya wa kipaza sauti. Mwaka huu mmetuita mbele. Mmetutaka tueleze jinsi familia na maisha tuliyopitia yalivyotufikisha katika kazi hii. Tumekaa pamoja, tukaandika pamoja, na aliyesimama hapa ni msomaji tu wa maneno ya wengi.

Tuanze na swali ambalo kila mmoja wetu ameulizwa na mzazi wake, tena zaidi ya mara moja: "Mwanangu, hasa hasa unafanya kazi gani?" Mtoto wa jirani ni nesi, inaeleweka. Mwingine anaendesha treni, inaeleweka. Sisi je? Miongoni mwetu yumo mbunifu wa matangazo ya biashara, yumo mhariri wa video, yumo mchoraji wa mabango na vibonzo, yumo mtafsiri na mkalimani, yumo mtangazaji, na yumo anayesimamia kurasa za mitandao za shirika la misaada. Kazi zote hizo zina kiini kimoja. Mtu ana jambo la kusema, na kuna watu wanaopaswa kulisikia. Sisi tunatafuta neno, picha au sauti itakayolifikisha jambo hilo bila kupotea njiani.

Kazi hiyo tuliisomea, ndiyo. Baadhi yetu tuna shahada na deni la ada bado tunalilipa. Lakini tulipoulizana nani alitufundisha kwanza, hakuna aliyetaja chuo. Tulitaja nyumbani.

Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa bibi na kanga zake. Kila doti ya kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule mstari wa maneno ulioandikwa chini. Mstari ule ni mfupi kuliko ujumbe wowote tunaotakiwa kuandika kazini, na unabeba pongezi, onyo, mapenzi au kijembe. Tumekulia katika nyumba ambamo mama angeweza kumaliza mwezi mzima hajagombana na wifi yake kwa mdomo, ila siku ya harusi akachagua kanga ya kuvaa, na ukumbi wote ukaelewa. Hapo mtoto alijifunza mambo matatu: kwamba maneno machache yana nguvu kuliko mengi, kwamba ujumbe huohuo hubadilika maana kutegemea nani kauvaa na mbele ya nani, na kwamba asiyesema kitu naye amesema.

Wa pili ilikuwa redio. Wenye umri wetu na waliotuzidi mnakumbuka Redio Tanzania Dar es Salaam, taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na baada ya hapo matangazo ya vifo. Nyumba nzima ilikaa kimya. Sufuria haikugongwa. Matangazo yale yalikuwa na mpangilio: nani anatangaza, nani amefariki, wapi, mazishi lini, kisha majina ya ndugu walioko mbali, mmoja mmoja, na mikoa yao, na jamaa na marafiki popote walipo. Halikuwamo neno la kujionyesha hata moja. Mjomba aliyekuwa Mwanza aliposikia jina lake, alijua afungashe, aende wapi na siku gani. Mmoja wetu anasema mpaka leo, kabla ya kumpelekea mteja tangazo lolote, hujiuliza: je, mjomba angelisikia hili mara moja redioni, angejua la kufanya? Kama hangejua, analiandika upya.

Wa tatu ni hadithi za jioni. "Paukwa!" nasi tunajibu "Pakawa!" Msimulizi haanzi mpaka apate jibu. Tafsiri yake kitaaluma ni kwamba hakuna mawasiliano kabla ya hadhira kukubali kusikiliza. Bibi hakuliita hivyo, lakini watoto waliposinzia alijua kubadilisha sauti, kuimba, au kumfanya sungura amdanganye fisi mapema kuliko jana.

Ndugu zetu, wala sisi si wa kwanza kupitia njia hii. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi na wakulima. Hakupelekwa shule. Alipokuwa msichana alitembeza vyungu, na inasimuliwa kwamba alikuwa akiviuza kwa kuimba, sauti yake ikisikika mbali kabla yeye mwenyewe hajafika. Hilo lilikuwa tangazo la biashara, na mtangazaji hakuwa na ofisi. Baadaye sauti ile iliyonadi vyungu ikajaza mabaraza ya mjini, na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Ufinyanzi wa mama yake haukumzuia kuwa msanii. Ndio uliompa sababu ya kupaza sauti.

Au mtazameni Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha na kufanya kazi za vibarua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora kwa rangi za kawaida za dukani, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za dari, kwa sababu ndivyo alivyomudu kununua. Alipoona picha zinauzika, aliwafundisha ndugu na jamaa zake. Alifariki mwaka 1972, kazi yake ikiwa haina hata miaka mitano, lakini wale ndugu waliendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Watalii wengi wanaibeba Tanzania kwenye mabegi yao kwa namna ya picha ya Tingatinga. Lile lilikuwa darasa la kifamilia, na halikufungwa mwalimu alipoondoka.

Tena nchi yenyewe ilitufundisha. Wazee mliomo humu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio, wakiwa na kijitabu mkononi na kiongozi wa kikundi kutoka miongoni mwao. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kuchemsha maji. Wataalamu wa mawasiliano wa nchi nyingine wanaisoma kampeni ile mpaka leo. Ujanja wake ulikuwa mwepisi: redio ilisema, kitabu kikakumbusha, na jirani ndiye aliyeshawishi. Shikeni jambo hilo la jirani, tutalirudia.

Sasa tuje huku ughaibuni. Hatutawaficha: wengi wetu tumebeba maboksi. Tumefanya shifti za usiku katika maghala, tumesafisha ofisi alfajiri, tumewalea wazee wa watu katika nyumba za kulelea wazee. Zipo siku tulidhani miaka ile imepotea. Leo tunapohesabu, tunaona ilikuwa shule. Aliyemlisha mzee wa Kiingereza kwa kijiko usiku, akamsikiliza akieleza habari za mke wake aliyekufa, anaijua nchi hii kuliko aliyeisoma vitabuni. Siku anapotakiwa kuandika ujumbe kwa wazee, haandiki kwa kubahatisha.

Na watoto waliokulia hapa wana chuo chao. Mkitaka kumjua mkalimani hodari, mtafuteni mtoto wa miaka kumi na miwili aliyetolewa darasani akamtafsirie mama yake hospitali. Mmoja wetu alikuwa mtoto huyo. Anasema daktari alimuuliza mama hali yake, na mama, kwa adabu aliyolelewa nayo, akajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Daktari akaandika kwamba mgonjwa hana tatizo. Mtoto akamwambia daktari, "Subiri kidogo, hajamaliza." Kweli, mama akavuta pumzi akasema, "Ila usiku silali." Kwetu habari yenyewe huja baada ya "ila". Mtoto yule leo anatengeneza filamu za maisha ya watu, na anapomhoji mtu hazimi kamera upesi. Anasubiri "ila".

Tunaona pia si ajabu kwamba mwaka huu, miezi miwili tu iliyopita, Tuzo ya Nobel ya fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, aliyefika Uingereza kijana mdogo mwishoni mwa miaka ya 1960. Amefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, hapa hapa, na nishani yake ameipokea wiki hii hapa London. Anaandika kwa Kiingereza, lakini yaliyomo ni bandari zetu, baraza zetu, watu walioondoka na waliobaki. Alichotoka nacho nyumbani ndicho alichokifanyia kazi maisha yake yote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tungeweza kuishia hapo na kupigiwa makofi. Lakini tumeona tueleze pia jambo lililotokea kwetu sote, maana ndilo linaloonyesha kwa nini kazi hii si mchezo.

Ugonjwa wa korona ulipoingia, Jumuiya ililetewa vipeperushi vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Tuliwashukuru waliovileta kwa nia yao. Lakini Kiswahili kile kilikuwa kimetafsiriwa neno kwa neno, bila mtu wa kukisoma. Kilisema kwamba kipimo chako kikiwa "chanya" ufanye hivi na hivi. Mzee wetu mmoja alipata majibu yake, akatupigia simu kwa furaha: "Wanangu, niko chanya!" Kwetu jambo chanya ni jambo jema. Mzee alikuwa anajiandaa kwenda kuwasalimu wajukuu.

Pahali pengine kipeperushi kilimwambia mgonjwa "ajitenge". Fikirini neno hilo katika ukoo. Kutengwa ni adhabu. Hutengwa aliyevunja miiko, aliyekataa kuzika, aliyewaibia ndugu. Mama aliyesoma neno lile alificha ugonjwa wake kwa siku kadhaa, kwa kuwa hakutaka kuonekana ametengwa. Hakuna kamusi ingemwonya mwandishi wa kipeperushi. Angeonywa na mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo.

Tulikusanyika kwa simu usiku mmoja, kila mtu chumbani kwake. Tuliandika upya. "Chanya" likawa "una virusi vya korona." "Jitenge" likawa "kaa chumbani kwako siku 10, chakula ukiwekewa mlangoni, ili usiwaambukize uwapendao." Halafu tukakumbuka lile la jirani. Karatasi haitoshi. Tukawaomba mama wawili wa Jumuiya, mmoja nesi na mwingine anayejulikana na kila nyumba kwa sababu hakuna msiba anaoukosa, wakarekodi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili cha kawaida, dakika mbili tu. Ujumbe ukazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Siku zilizofuata simu za mama wale hazikupumzika. Watu waliuliza maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza: je, mwenye kisukari afanyeje, je, tunazikaje, je, chanjo inaingiliana na dawa ya presha. Hatudai kwamba tuliokoa fulani au fulani. Tunasema tu kwamba watu waliacha kunyamaza, na anayeuliza anaweza kusaidiwa. Na ndugu zetu tuliowapoteza katika kipindi kile, Mungu awapumzishe mahali pema.

Ndiyo maana tunasema familia si pambo katika kazi yetu. Ndiyo chombo chenyewe cha kazi. Lakini chombo kinaweza pia kukata, na hapa tuna maneno mawili ya tahadhari, hasa kwa vijana.

La kwanza, habari za nyumbani zina wenyewe. Siku hizi kila anayetaka kusikika anaambiwa "simulia maisha yako". Maisha yako yana mama ndani yake, yana shangazi, yana siri ya mtu aliyekuamini. Sisi tumewekeana utaratibu: kabla ya kutumia kisa cha mtu wa familia, tunamsomea mwenyewe, kwa lugha yake. Akikataa, tunaacha, hata kama kisa ni kizuri kiasi gani. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini ni mwenye uchi anayeamua amwonyeshe nani, wala si mpwa wake mwenye kamera.

La pili, wapo watakaokutaka uwauzie huruma. Mmoja wetu aliwahi kukaa kwenye kikao cha kampeni ya maji. Ilitakiwa picha ya msichana wa Kiafrika kisimani, na zilizowekwa mezani zote zilikuwa za uso wa huzuni. Mwenzetu aliwaambia, "Mimi nimeteka maji miaka minane. Kisimani tulikuwa tunacheka, tunagombana, tunapanga harusi. Ndoo ilikuwa nzito na njia ilikuwa ndefu, na bado tulicheka." Wajumbe walinyamaza. Mwishowe picha ya msichana anayecheka na mwenziwe ilipita. Kichwa cha maneno kilibaki kilekile cha kusikitisha. Alishinda nusu. Lakini bila yeye kuwapo mezani, hata nusu hiyo isingepatikana. Na hakuwekwa mezani na shahada peke yake. Aliwekwa na ile ndoo.

Kwa hiyo, tukiwa tunamalizia, tuna maombi machache.

Wazazi wetu, tunawaelewa. Mlivuka bahari ili mtoto apate kazi yenye jina na mshahara unaojulikana. Mnapomsikia anataka kusomea uchoraji, filamu au uandishi, mnaona njaa. Hatuwaambii kazi hii haina njaa; miaka ya mwanzo inayo. Tunawaomba tu msimkatie neno kabla ya kuona anachokitengeneza. Mwambieni akuonyesheni. Muulizeni atajilipia vipi kodi, naye ajibu kwa hesabu. Na mleteni kwetu, atakaa na mmoja wetu kazini hata kwa siku tatu, ndipo mwamue pamoja.

Jumuiya yetu, tunawapenda, lakini tuseme ukweli kwa utani wa ndugu. Mnapohitaji fundi bomba mnamlipa. Mnapohitaji kadi ya harusi, bango la sherehe, video ya send-off na tangazo la kikao, mnasema, "Wewe si mtoto wetu? Tufanyie chapchap." Ya msiba tutafanya bure, sasa na siku zote, hilo halina mjadala. Mengine, ndugu zetu, tukae tupatane bei ya ndugu. Mkono mtupu haulambwi. Kijana anayeona jamii yake mwenyewe inathamini kazi yake hatakimbilia kuwa mtu wa watu wengine.

Vijana, shikeni Kiswahili. Mnaweza kununua kompyuta nzuri kuliko zetu na kujifunza programu mpya kwa wiki moja. Lakini kujua kwa nini "jitenge" linaumiza, hilo halipakuliwi mtandaoni. Mnalo nyumbani, jikoni, mezani, kwenye simu za Jumapili za kwenda Tanga, Songea, Bukoba na Unguja. Msiitikie tu "poa, bibi" mkampa simu mama. Kaeni mkongee.

Na wazee wetu: kuanzia Januari, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tutakuwa kwenye chumba cha Jumuiya na vinasa sauti. Tunaomba mje. Tusimulieni usiku wa tarehe 9 Desemba 1961 mlipokuwa, mlivaa nini, nani alilia. Tusimulieni meli, ndege, shifti ya kwanza, theluji ya kwanza. Tutawasomea kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, na kila familia itapewa nakala yake. Tumeshachelewa kwa baadhi ya wenzenu, na kila Desemba viti hapa mbele vinapungua.

Mheshimiwa Mwenyekiti, miaka sitini iliyopita nchi yetu ilipata haki ya kujisemea yenyewe. Kazi ya kusema vizuri haijaisha, na sisi tumo ndani yake.

Uhuru na Umoja!